Kitabu cha Kungojea

Wasomaji wapenzi, leo nataka kuongea nanyi habari ya jambo ambalo kwanza litaonekana dogo, nalo ni hili: mtu anayesafiri kwa ndege achukue kitabu gani cha kusoma njiani. Najua wengi wenu mko vijijini, na ndege mwaiona ikipita juu tu, watoto wakiipungia mikono. Hata mimi nimekaa hapa Mafia tangu mwaka 1974, nilipoletwa kufundisha shule ya msingi, na miaka yote hiyo nilivuka bahari kwa jahazi na kwa mashua ya injini kama watu wengine. Lakini mwaka 2022 nilipanda ndege safari mbili, na safari zote mbili nilibeba cha kusoma. Safari ya kwanza nilikosea. Safari ya pili sikuchagua mimi. Nisikilizeni basi, maana siku moja nanyi mtaitwa mjini kwa shida, kwa ndege au kwa basi au kwa meli, nanyi mtasimama mbele ya sanduku lenu mkijiuliza mchukue nini.

Shida yetu ilikuwa macho ya mke wangu. Alishikwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, hata ikawa anamimina chai nje ya kikombe, na watu anawatambua kwa sauti zao. Miaka miwili alikuwa hajasoma hata barua. Daktari akasema jicho moja lifanyiwe kazi mwezi wa Julai, la pili baada ya miezi kadhaa, na kazi yenyewe ifanyike Dar es Salaam. Nanyi mlio pwani mwajua Julai ni kusi. Njia yetu sisi watu wa Mafia ni kutoka Kilindoni kuvuka mpaka Nyamisati, upande wa Rufiji, kisha gari mpaka mjini. Mke wangu amepita miaka 70, na mgongo wake haupendi mawimbi. Kijana wetu wa Temeke, mtoto wa dada yake, aliposikia akasema, "Baba mkubwa, mama mkubwa hapandi chombo cha majini. Mimi nitakata tiketi za ndege." Akakata.

Wazee wetu waliiita ndege Ulaya. Hii inayokuja kwetu wala si kubwa. Ina pangaboi moja puani, inachukua abiria kumi na wawili hivi, na rubani anakaa mbele yenu kama dereva wa basi, shingo yake mnaiona. Kwa sababu ya udogo wake kila kitu kinapimwa. Kila mtu ana kilo 15 za mizigo, na hata wewe mwenyewe waweza kuambiwa upande mizani, upende usipende, mbele ya watu.

Sasa, kitabu. Naungama mbele yenu kwamba sikuchagua kitabu cha kusoma. Nilichagua kitabu cha kuonekana nacho. Nilijisemea moyoni: ndani ya ndege watakuwamo watalii na mabwana wa ofisi, nami mwalimu mstaafu nikae mikono mitupu? Nikatoa kitabu kinene cha Kiingereza juu ya vita vya 1914 mpaka 1918 katika Afrika Mashariki, ambacho mgeni mmoja aliniachia zamani. Nilikuwa nimekisoma mpaka ukurasa wa arobaini tu, tena kwa shida. Lakini nilikuwa na kisingizio kizuri. Mwaka 1915 Waingereza walikuwa wamekwisha kuitwaa Mafia kutoka kwa Wajerumani, na ndege zao ziliruka kutoka kisiwa hiki hiki kwenda kuitafuta manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha ndani ya midomo ya Rufiji katikati ya mikoko. Ndege ziliangalia kutoka juu na kuwaelekeza wapiga mizinga, na mwezi wa Julai mwaka ule manowari hiyo ikaangamia. Mimi nami ningepita juu ya mahali pale, Julai vile vile, kitabu mkononi. Nilijiona mtu wa maana. Nikaongeza na furushi la magazeti ya zamani, ambayo kila mwaka nasema nitayasoma.

Kiwanja cha ndege chetu kipo hapo hapo Kilindoni, waweza kwenda kwa miguu. Tulipofika, mizigo yetu miwili ikawekwa kwenye mizani, ikaonyesha kilo 34. Tulikuwa na haki ya kilo 30.

"Mzee, toa kilo nne," akasema kijana wa mizani kwa adabu.

Mke wangu akasema, "Toa vitabu na magazeti."

Nami nikasema, "Nazi zimejaa tele Dar es Salaam."

"Nazi zimejaa," akasema, "lakini si za Mafia."

Nikatoa nazi sita, nikawapa vijana wa bajaji waliokuwa nje. Mke wangu hakusema neno tena. Nanyi mlio katika ndoa miaka mingi mwajua kwamba kunyamaza kule hakukuwa kukubali.

Tukaruka. Niseme kweli, wasomaji, ndani ya ndege ndogo wakati wa kusi hakuna anayesoma. Chombo kinainuka, kinashuka, kinatikisika kama kitanda cha kamba. Nilifungua kitabu changu, nikasoma mstari mmoja mara saba. Bwana mmoja wa ofisi niliyetaka anione alikuwa amefumba macho na kushika magoti yake kwa mikono miwili, na midomo yake inacheza. Sidhani alikuwa akipiga hesabu. Na mlio wa injini ni mkubwa, mtu akitaka kusema na jirani yake sharti amsogelee sikioni.

Mke wangu akanisogelea. "Tumefika wapi?"

"Juu ya Rufiji," nikasema.

"Kukoje?"

"Maji," nikasema, maana nilikuwa nautafuta ukurasa wangu uliopotea.

Jibu hilo linaniumiza mpaka leo, lakini wakati ule sikuliona. Halafu, kabla sijaupata ukurasa, tukaanza kushuka. Kutoka kwetu mpaka Dar es Salaam ni nusu saa na dakika chache tu. Kumbe niliacha nazi sita kwa ajili ya nusu saa ya kutosoma!

Kijana wetu alikuja kutupokea kwa furaha. Mkewe alipofungua mifuko jikoni akauliza, hana nia mbaya, "Baba mkubwa, hata nazi moja?" Nikasema habari ya mizani. Mke wangu akasema, "Tumekuletea vita vya Wajerumani."

Asubuhi tukaenda hospitali ya macho, saa moja. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba safari ya mgonjwa si kwenda; safari ni kungoja. Unangoja karatasi, unangoja daktari, unangoja matone ya dawa yaingie katika jicho mpaka mboni ifunguke, kisha unangoja tena uitwe. Kazi yenyewe, walivyotuambia na ilivyokuwa, ni fupi kuliko kupika wali. Kungoja kulikuwa mpaka saa nane mchana, juu ya benchi refu, pamoja na watu wa Mkuranga, wa Morogoro, wa Kigamboni, kila mmoja na mzee wake au mtoto wake.

Mke wangu alikaa ameinamisha kichwa. Hakuweza kuona watu, hakuweza kuona saa ukutani. Mara kwa mara aliuliza, "Sasa wanafanya nini?" Nami najibu, "Wamekaa." Baadaye akasema, "Una kitabu. Nisomee."

Nikaanza kumfasiria. Mizinga hivi, mabaharia hivi, meli imezama, watu wamekufa kwa homa. Kiingereza kilikuwa kigumu, nikawa nasita kila sentensi kama mtoto wa darasa la pili. Baada ya kurasa mbili akaniwekea mkono juu ya goti. "Basi, Mwalimu. Inatosha."

Kando yetu alikuwako mwanamke kijana na mama yake mzee. Walikuwa wamenunua maandazi nje, na muuzaji alikuwa ameyafunga kwa kipande cha gazeti. Walipokwisha kula, binti akalinyoosha lile karatasi lenye mafuta juu ya paja lake, akaanza kumsomea mama yake. Ilikuwa habari ya mtu na jirani yake waliogombania mpaka wa shamba, na mbuzi mmoja aliyekula ushahidi wote, nadhani mahindi. Karatasi lilikuwa limechanika, habari haikuwa na mwisho. Lakini watu wanane tulisogea, nami nikiwamo, na mke wangu akainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ilipofika mahali pa kuchanika, benchi zima likaanza kubishana ni nani mwenye haki. Mzee mmoja alisema mbuzi ndiye mwenye haki. Muda ukapita, hata wengine walipoitwa majina yao hawakusikia.

Nilikitazama kitabu changu kinene kilichokuwa juu ya magoti yangu. Kilikuwa kizuri kwa kukalia.

Wala msidhani nakidharau kitabu cha vita. Kina elimu nyingi, na nimeendelea nacho nyumbani mpaka ukurasa wa sabini. Lakini kitabu cha mtu anayetaka kuwa peke yake mezani ni kimoja, na kitabu cha watu wawili wanaoogopa kwa pamoja ni kingine. Sikujua tofauti hiyo, na mimi nilifundisha kusoma miaka thelathini na minne.

Jicho la kwanza likapona vizuri. Bandeji ilipotolewa asubuhi ya pili, mke wangu alinitazama kwa muda, akasema, "Umezeeka." Tukarudi Mafia.

Mwezi wa Desemba ikawa zamu ya jicho la pili. Nilipoanza kupekua rafu yangu akasema, "Safari hii nitachagua mimi." Akainama chini ya kitanda, akavuta sanduku langu la bati, akatoa madaftari ya mitihani, akatoa vyeti vyangu, na chini kabisa akatoa kitabu nilichokifunika kwa karatasi ya kaki, kama tulivyozoea kufunika madaftari shuleni. Juu yake hapakuwa na jina. Mimi moyo wangu ukaruka.

Sharti niwaeleze kitabu hicho. Mimi na mke wangu ni watu wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Huko kwetu alizaliwa mwaka 1896 Aniceti Kitereza, aliyesoma kwa mapadre wa Kagunguli na kisha seminari ya Rubya. Aliandika kwa Kikerewe kitabu kirefu sana juu ya maisha ya wazee wetu wa kale, akakimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kukichapa, kwa kuwa wanaosoma Kikerewe ni wachache. Hakukata tamaa, katika uzee wake alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikakitoa. Jina lake laweza kujaza mstari: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mikononi. Miaka zaidi ya thelathini alikingojea, hakukishika.

Habari ya kitabu ni ya mtu na mke wake wapendanao, nao hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsema mke, wanamtaka mume amwache; basi wazazi wa mke wanakuja kumchukua binti yao. Na Kitereza hakuyaandika hayo kwa kusikia tu, maana yeye na mkewe walizaa na watoto wao hawakuishi.

Nilikinunua Dar es Salaam mwaka 1982, kwa fahari kwamba kimeandikwa na mtu wa kwetu. Nilikisoma melini wakati wa kurudi. Nilipofika nyumbani nilikifunika kwa kaki, nikamwambia mke wangu ni kitabu cha kazi, nikakitia chini ya sanduku. Sababu mtakuwa mmekwisha kuitambua. Sisi nasi Mungu hakutujalia mtoto. Hapa kisiwani watu wote wanamwita Bi Mwalimu, na jina hilo lilitusitiri, maana kwingine mwanamke huitwa mama fulani, na asiye na fulani anaulizwa. Mimi na yeye jambo hilo hatukulizungumza. Tulilizunguka kama watu wanaolizunguka shimo uani, kila mtu anajua lilipo.

"Kwa nini hicho?" nikauliza.

"Kina Kiswahili," akasema. "Na herufi zake nitaziona kwa jicho moja, ukichoka."

Siku ya safari mizigo yetu ilikuwa kilo 30 kamili, nazi kumi na mbili zikiwamo. Usiku alikuwa amekwenda kuipima kwa mizani ya muuza duka. Mimi sikuruhusiwa kugusa mfuko. Nikatia mfukoni mwa koti kitabu kimoja chembamba tu, *Kusadikika* cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951. Na kama mmoja wenu ataniuliza kitabu cha kusomea ndani ya ndege yenyewe, nitamtajia hicho, kwanza kwa wepesi wake, pili kwa kuwa nchi ya Kusadikika ni nchi iliyo hewani, imepakana na pepo. Wajumbe wanatumwa pande zote, juu na chini pia, wanarudi na habari njema, wanafungwa kwa ajili yake. Mtu anayekisoma huku mawingu yapo chini ya miguu yake atakielewa upesi.

Lakini sikukifungua. Desemba ni kaskazi, hewa ilikuwa tulivu. Majira hayo papa potwe wapo karibu na kisiwa na wageni huja kuwatazama, kwa hiyo ndege ilijaa watalii waliokuwa wakirudi. Msichana mmoja alikuwa na kibao cha umeme chembamba kama sleti tulizoandikia utotoni, na akanionyesha kwamba ndani yake vimo vitabu zaidi ya mia tatu. Vitabu mia tatu, na mizani haijui! Nilimwonea wivu kidogo. Yeye naye hakusoma hata kimoja. Alikuwa akitazama nje.

Na mke wangu alikuwa dirishani. Jicho lake jipya lilikuwa upande wa kioo. Tulipofika bara akanivuta shingo, akasema sikioni mwangu, "Mwalimu, maji yana rangi mbili."

Nikatazama. Mto Rufiji unapomwaga maji yake ya udongo baharini, kuna mstari ambapo rangi ya chai ya maziwa inakutana na rangi ya bahari. Mito imegawanyika kama vidole, na katikati ya vidole kuna mikoko, mikoko, mpaka macho yanachoka. Nimepita pale chini kwa mashua mara nyingi, nikaona matope tu. Akanieleza yote, mashua moja yenye tanga jeupe, moshi wa mtu anayepika kando ya mto, kivuli cha ndege yetu kinavyokimbia juu ya maji. Alieleza mpaka tukashuka. Mwezi wa Julai yeye aliniuliza kukoje, nami nikasema maji.

Hospitalini tulikaa benchi lile lile. Matone yakatiwa, jicho la pili likafunguka, lile zuri nalo alilifumba ili lipumzike. Akasema, "Soma."

Nikaanza mwanzo. Kiswahili cha Kitereza ni cha mtu asiye na haraka. Akitaja kulima atakuambia jembe, na akitaja kupika atakuambia chungu na kuni. Kwa kungoja ni dawa. Watu wakaanza kusogea kama walivyosogea kwa lile karatasi la maandazi. Bwana mmoja wa Mkuranga alihama benchi lake kabisa.

Nikafika mahali ndugu za mume wanapoanza kumsema Bugonoka. Nilipaona kwa mbali, kama mtu anayeona jiwe njiani. Nikafungua kurasa mbili kwa pamoja, nikaendelea mbele, sauti ile ile. Nalikuwa mwalimu, kuruka bila darasa kujua ni kazi niliyoizoea.

Mke wangu, macho yamefumba, akasema, "Umeruka."

"Sijaruka."

"Umeruka, Mwalimu. Pale wanapomsema. Rudi usome."

Wasomaji wapenzi, kitabu hicho nilikificha miaka arobaini. Ndiyo kwanza nijue kwamba alikwisha kukisoma.

Nikarudi nikasoma. Sauti yangu haikuwa nzuri, lakini nilisoma maneno yote, hakuna nililoliacha. Benchi lilikuwa kimya. Mama mmoja mwenye mjukuu mgongoni akasema peke yake, "Watu wana midomo." Kisha muuguzi akaita jina la mke wangu, akainuka, akaniambia, "Weka alama."

Usiku ule nyumbani Temeke, bandeji ikiwa jichoni, alinieleza. Mwaka 1986 nilikwenda kozi ya walimu, akafungua sanduku kutafuta cheti changu kilichotakiwa ofisini, akakikuta. Alikisoma siku kumi, mchana na usiku, akakirudishia karatasi ya kaki kwa mikunjo ile ile.

"Mbona hukusema?" nikauliza.

"Nilingoja useme wewe," akasema. "Nilitaka kujua kama ulifika pale mume anapomfuata mkewe ukweni."

Maana Myombekere hakukaa nyumbani. Alikwenda kwa wakwe zake kumwomba mkewe arudi, akaambiwa alete pombe ya ndizi, akahangaika nayo mpaka akaipata.

"Nilifika," nikasema.

Akanyamaza. Halafu akataja siku moja ya mwaka 1979. Tulikuwa likizo Ukerewe, tumekaa kula na ukoo. Dada yangu mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, alisema mbele ya wageni kwamba nimeleta nyumbani mgeni, si mke, maana mgeni hula akaondoka bila kuacha kitu. Wote walinitazama mimi. Nami nikasema, "Samaki wanapoa." Maneno hayo tu. Tukaendelea kula.

Nilikuwa nimejidanganya kwamba amesahau. Kumbe hata aina ya samaki aliikumbuka. Walikuwa sato.

Nikamwomba radhi, mimi mzee wa miaka 75, nimekaa juu ya mkeka wa kijana wetu katika giza. Sikupata maneno mengi. Nilimwambia siku ile niliogopa dada yangu, na kitabu nilikificha kwa sababu ndani yake yumo mwanamume asiyeogopa. Alisikiliza. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hakunisamehe. Alisema, "Kesho utaendelea pale penye alama."

Kesho yake bandeji ikatolewa, na tukaambiwa tungoje daktari kwa mara ya mwisho. Yule bwana wa Mkuranga alikuwa amekuja na mama yake kwa ukaguzi. Hata hakutusalimu kwanza. Alisema, "Mzee, yule mke amerudi kwa mumewe au bado?"

"Bado," nikamwambia. "Mume anatafuta pombe."

"Loo! Endelea basi."

Nikaendelea, akawa anaitikia kila ukurasa kama mtu anayesikiliza habari za ndugu yake.

Tulirudi Mafia siku ya tatu. Mizigo yetu ilikuwa myepesi, maana nazi zilikuwa zimebaki Temeke, na kijana wa mizani akasema tungeweza kuongeza. Mke wangu akaniambia nikae mimi dirishani. Akavaa miwani aliyopewa, akaitoa ile karatasi ya kaki, akaikunja akaitia mkobani, na kitabu kikabaki na jina lake nje, watu wote wanaliona. Akafungua penye alama akaanza kusoma kimya kimya, midomo ikicheza, kidole kikifuata mstari. Mtoto Ntulanalwo alikuwa bado hajazaliwa. Kilindoni ilipoonekana, minazi na paa za bati, nikamwomba anipe nisome angalau ukurasa mmoja. Akasema ningoje zamu yangu.